Kiti kwa Kipimo cha Hoy

Mimi ni fundi wa viti vya magurudumu. Naanza na hilo ili asije mtu baadaye akasema Phally hakujua alichokuwa anafanya. Huu ni mwaka wa kumi na moja napima watu katika karakana yetu ya Battambang: upana wa nyonga, urefu wa paja kama paja lipo, kimo cha mgongo, mkono unafika wapi kwenye gurudumu. Mtu akikaa mbele yangu huwa nimeshakisia vipimo vyake kabla sijatoa futi, na nikikosea nakosea kwa upana wa kidole. Kosa ninalotaka kulisema hapa nililifanya kwa kalamu, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile natamani mtu angenizaba kibao kabla sijaandika.

Kong Hoy ni jirani yangu tangu utotoni. Kati ya nyumba yao na yetu pana mfereji ambao mtoto anauruka bila kujishika popote. Tumechunga nyati pamoja, tumeiba mapera ya watu pamoja, na tukifukuzwa yeye alikuwa anafika nyumbani wa kwanza na kujilaza kana kwamba hajatoka kutwa nzima. Alikuwa na mbio kweli. Sisemi hivyo kwa sababu miguu haipo sasa. Hata wakati ule tulikuwa tunamnunia, maana ukishindana naye umeliwa.

Mwaka wa themanini na tano walikuja watu wa wilaya na orodha ya vijana wa kwenda kupigana mpakani. Kijijini kwetu yalisomwa majina sita, na moja lilikuwa Kong Sareth, kaka yake Hoy. Sareth alikuwa ameoa siku nane tu kabla ya hapo. Hata masufuria ya kuazima yalikuwa hayajarudishwa kwa wenyewe. Mama yao akamwita Hoy jikoni akamwambia, "Nenda wewe mwanangu. Wewe huna mke. Sema wewe ndiye Sareth, mnafanana, nani atajua? Ukirudi mtarudishiana."

Kurudishiana jina, kana kwamba ni shati. Wala hakuwa mama mbaya yule. Nyumba nyingi zilifanya hivyo miaka ile. Serikali ilitaka jina lipande lori, na ukoo ndio uliochagua mwili wa kwenda nalo. Hoy alikuwa na miaka kumi na saba. Asubuhi ya safari nilikuwepo. Ofisa akaita, "Kong Sareth," kimya. Akaita tena, kimya, Hoy anaangalia mawingu. Mara ya tatu ofisa akamchapa kichwani na lile bunda la karatasi, akamuuliza, "We kiziwi?" Ndipo akaitika.

Miaka mitatu baadaye alirudishwa kwa gari la ng'ombe, miguu yote miwili imeishia juu ya magoti. Bomu la ardhini. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kitabu cha askari majeruhi: picha ya Hoy, dole gumba la Hoy, jina la Kong Sareth. Mama yao alikaa ubavuni kwake siku tatu bila kutia kitu kinywani. Lile la kurudishiana halikutajwa, na mwaka uliofuata mama akafariki nalo.

Vitambulisho vya taifa vilipokuja, kila ndugu alichukua chake kwa jina alilozaliwa nalo. Kwa hiyo Hoy ni Hoy kwenye kitambulisho na ni Sareth kwenye kitabu cha jeshi. Posho yake, ambayo ni kidogo ya kutia aibu, anaichukua wilayani kwa kile kitabu, kwa sababu karani wa pale ni mtu wa kwetu, anajua yote na hasemi kitu. Kijiji kizima kinajua. Hata watoto wa shule wanajua.

Na Sareth je? Sareth ana miguu miwili na jina lililopigana vita miaka mitatu. Wakubwa walipotafuta mwenyekiti wa kikundi cha askari wastaafu wa kijiji, walifungua orodha ya zamani, wakakuta Kong Sareth, na walipouliza wakaambiwa yupo, anajua kusoma, tena anatembea. Wakampa. Mwanzoni alikuwa anaona haya, hilo nakiri. Kidogo kidogo haya zikamtoka. Sasa kwenye harusi, bia mbili zikishashuka, anasimulia mambo ya mpakani: ule mlima usio na maji, yule kamanda aliyekuwa anaficha mchele kwenye buti. Hadithi zote ni za Hoy. Na kinachoniuma zaidi, Sareth anazisimulia vizuri kuliko mwenyewe. Hoy akianza anakwama katikati, anaomba maji ya kunywa.

Kazi ya Hoy ni kunoa visu. Soko letu liko njia panda, kilomita moja na nusu kutoka nyumbani kwake, na wauza samaki na wauza nyama wa pale hawampi kisu mtu mwingine. Alikuwa na kiti cha mbao cha magurudumu matatu, alichopewa zamani na mtawa mmoja mgeni ambaye hakuuliza mtu jina wala karatasi. Mchwa wakakimaliza. Tangu hapo alikuwa anakwenda kwa ubao wenye beringi nne, anajisukuma na kandambili alizovaa mikononi. Kiangazi anafika. Masika yakianza, ile barabara inakuwa uji, hafiki, na Nimol mkewe anapika wali mtupu na prahok, samaki wa kuvundika, kwa kubana. Halafu kikamtoka kidonda kwenye kalio, cha kukalia ubao. Daktari wa zahanati alimwambia bila kumung'unya maneno: akiendelea kujiburuta, mvua mbili tatu hivi kidonda kitafika mfupani.

Kwa hiyo niliposikia kwamba chama cha wafadhili kutoka ng'ambo kinaleta viti arobaini vya magurudumu kwa askari majeruhi wa mkoa wetu, na karakana yetu ndiyo itakayopima na kuunga, nilifurahi kama mjinga. Viti vyenyewe vilikuwa vizuri. Bomba jepesi, gurudumu la tatu mbele kwa barabara mbovu, na fremu inakatwa kwa mwili wa mtu mmoja tu. Mtu asiye na miguu hana cha kumshikilia kitini ila nyonga zake. Kikilegea hata kidogo, anayumba, na mikono haifiki kwenye magurudumu. Ndiyo maana tunapima.

Tulipima kwenye ukumbi wa hekalu. Zamu ya Hoy ilipofika nikakaza sura, nikashika fomu.

"Jina?"

"We Phally, umeshanisahau?"

"Mimi nakujua. Fomu haikujui."

Akacheka, halafu akatazama pembeni. "Andika Sareth. Ndilo liko kwenye kitabu."

Sijui shetani gani alinipanda. Nilikuwa nimetoka kumwona Sareth getini anawapokea wakubwa wa wilaya, kavaa beji. "Hiki kiuno ninachokipima cha nani?" nikamuuliza.

"Changu."

"Na kidonda kilichoko huko nyuma?"

"Dada, watu wanasikia."

"Wasikie. Sareth nimpime nini mimi, kitambi? Miaka ishirini na moja unaitikia jina la watu. Kiti ni cha mwili wako, kitaandikwa jina lako. Hawa wafadhili wametoka kwao mbali huko, wanamjua Sareth nani, wanamjua Hoy nani? Wanatafuta mtu asiye na miguu. Wewe huna. Imeisha hiyo."

Nyuma yake watu wanasubiri, wanakohoa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kong Hoy." Nikaandika kwa herufi kubwa. Akaniomba nimwonyeshe. Kusoma kwenyewe anasoma kwa kubahatisha, lakini alipitisha kidole juu ya lile jina mara mbili, na nikajiona mimi ndiye mtu mwema kuliko wote mkoa mzima.

Nilikiunga kiti chake kwa mkono wangu mwenyewe. Namba ishirini na saba. Nyonga sentimita thelathini na nne. Nilimsugulia kingo za bomba mpaka zikawa laini, kwa sababu ya kidonda. Ndipo akaja Vanna, kijana msimamizi wa kile chama, mpole, shati limepigwa pasi, akanionyesha orodha. Jina la Hoy lilikuwa limepigwa mstari mwekundu.

"Huyu hayumo kwenye orodha ya jeshi, fundi."

"Bwana Vanna, nimempima mwenyewe. Miguu yake ilikwenda wapi, iliibiwa?"

"Wenye ajali ni wengi. Hivi ni viti vya askari. Wafadhili wamesema hivyo, mimi nafuata."

Nikajaribu njia nyingine. "Na nikikwambia niliandika vibaya? Anaitwa Kong Sareth."

"Basi alete kitambulisho cha taifa cha Kong Sareth, chenye sura yake, maana fomu ikishasema Hoy kitabu cha jeshi peke yake hakitoshi. Majina mawili yasiyolingana siwezi kupeleka, nitafukuzwa kazi." Akaniona navyobadilika uso, akanihurumia. "Iko njia moja. Mwenyekiti wa askari wastaafu wa kijiji aandike barua kwamba huyu Hoy alipigana na alijeruhiwa vitani. Agonge mhuri, mimi nampitisha. Mwenyekiti wenu nani?"

Nikamtajia. Akaangalia karatasi yake, akatabasamu.

"Kong Sareth? Si ndugu yake huyu? Basi kazi imekwisha, fundi."

Kesho yake mimi na Hoy tukaenda kwa Sareth. Nyumba yake iko juu ya nguzo, na ngazi zile Hoy hawezi, kwa hiyo tukasubiri chini, kwenye uvungu. Sareth akashuka, akaketi kwenye kitanda cha mwanzi. Nywele zimeanza mvi, sura ni ileile ya mdogo wake, ila imenenepa.

"Mdogo wangu, umeshakula?"

"Nimekula, kaka."

Nikaeleza mambo mimi, maana Hoy asingeyaeleza. Barua moja, mistari mitatu, mhuri. Sareth alisikiliza huku anakunja na kukunjua skafu yake.

"Nikiandika kwamba Hoy alipigana, wataniuliza alipigana kwa jina gani."

"Kwa lako."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwa mkeo," nikasema.

"Phally," Hoy akanikataza.

"Mwache aseme," Sareth akasema. Hakukasirika. "Ni kweli, nilikuwa kwa mke wangu. Lakini fikirini basi. Nikisema Sareth hakwenda vitani, kile kitabu cha posho cha nani? Watakifuta. Kikundi watanivua, sawa, nimechoka nacho. Yeye je? Atakosa kiti na posho aikose. Mtamlisha nyinyi?"

Hapo akanipata. Sijui alikuwa anamwonea huruma Hoy au anajificha nyuma ya mgongo wake. Nadhani alifanya yote mawili, na hicho ndicho kinachonikera kwa Sareth: ukitaka kumchukia unakuta pana tundu.

"Kitambulisho ninacho," akaendelea. "Jina liko kwenye orodha yao. Nitakwenda kukipokea mimi, halafu nitakuletea, mdogo wangu. Siku hiyohiyo."

Hoy akamtazama miguuni. "Na hiyo utaipeleka wapi?"

"Nitaikunja. Nitaifunika."

Basi Hoy akacheka. Alicheka mpaka ubao ukamtoroka kidogo, nikaushika. "Nenda kaka," akasema. "Mimi nilikwenda vitani kwa ajili yako, wewe nenda ukakae kitako kwa ajili yangu. Tumegawana vizuri." Sareth naye akacheka, nafikiri hakuisikia ile ilivyokuwa inauma. Nikamwambia Vanna kweli niliandika vibaya, na namba ishirini na saba ikahamia kwa Sareth.

Siku ya kugawa viti ilipigwa turubai uwanjani hapo hekaluni, na vipaza sauti viwili. Vijana wawili walimleta Sareth wakiwa wamembeba kwenye kiti cha plastiki, miguu imekunjwa chini yake, blanketi limefunika kuanzia kiunoni. Watu wa kijiji wote wako pale na hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alikuwa anataka Hoy apate kiti, na hii ndiyo njia iliyobaki. Wakamtia kwenye namba ishirini na saba. Thelathini na nne ile, jamani, na Sareth ana arobaini na mbili kama si zaidi. Wakamsukumiza mabegani mpaka akaingia. Uso ulimwiva.

Mama mmoja wa wale wafadhili, mzungu, mzee wa heshima zake, akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake. Akamshika mikono yote miwili huku machozi yanamtoka, akasema maneno, na Vanna akatafsiri kwenye kipaza sauti: "Anasema anakushukuru kwa miguu uliyoitoa. Anauliza kama unajuta."

"Sijuti," akasema Sareth.

Nilitamani ardhi inimeze. Wangemuuliza jina, umri, watoto wangapi, ningevumilia. Hoy alikuwa nyuma ya spika, chini, kwenye ubao wake, ananyosha shingo. Nikamtazama nione kama amesikia. Alikuwa anaangalia magurudumu ya kile kiti, akaniuliza kama yanajazwa upepo au ni raba tupu.

Wageni walipokwenda kula, Sareth akawa hatoki. Wanaume wawili walimvuta, mmoja kashika fremu, na alipochomoka watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile wakawa wanamwita Kizibo. Lilimwingia sana jina hilo. Mtu aliyebeba la uongo miaka yote bila kutoka jasho, hili la kweli likamnyima raha.

Kabla ya kuondoka Vanna alitangaza kwamba ndani ya miezi mitatu watakuja kukagua, siku haitajwi. Kiti kikikutwa kwa mtu mwingine kinachukuliwa, na kijiji kinafutwa orodhani pamoja na viti vyake vyote. Watu wengine wanne wa kwetu walikuwa wamepata viti siku ile. Kwa hiyo Sareth akasema kiti kilale kwake mpaka ukaguzi upite, na Hoy mwenyewe akakubali. "Miezi mitatu nini," akaniambia. "Nimeshakaa miaka."

Mvua zikaanza. Hoy akaenda sokoni wiki mbili za kwanza, anarudi kalowa matope mpaka kwenye nyusi. Wiki ya tatu kidonda kikafunguka, akalala kifudifudi. Nilikwenda kwa Sareth nikamwambia amwazime kiti walau siku za soko, jioni tunakirudisha. "Na wakija siku hiyohiyo?" akasema. "Wale wenzake wanne wanyang'anywe kwa ajili yetu?" Miezi mitatu ikapita, hawakuja. Wa nne ukapita. Nimol akawa anakuja kwangu kuomba kitambaa kisafi cha kufungia kidonda, na kila akija tunazungumza habari za mvua.

Walikuja katika mwezi wa tano tangu viti vigawiwe, baada ya sikukuu ya Pchum Ben, wakati watu wameshamaliza kuwapelekea marehemu wao wali hekaluni. Mimi nilichukuliwa kama fundi, nijaze fomu. Tulimkuta Sareth uvunguni, tayari amekaa kwenye kiti, miguu imekunjwa, skafu juu ya magoti. Mtu alikuwa ameshamtonya. Vanna akamsalimia, mpiga picha akampiga, na mimi nikasimama pale nahisi kitu hakiko sawa na sikijui ni nini. Halafu nikakijua. Sareth alikuwa amekaa kwa raha.

Nikainama kama naangalia breki. Bomba la fremu lilikuwa limekatwa, mbele na nyuma, na katikati pameungwa kipande cha chuma cha geti, kipana kama kiganja changu. Kazi ya mchomeleaji wa mageti. Madonge ya kuchomelea yameganda pale nilipopasugua kwa siku mbili.

"Kiti kinamfaa mwenyewe?" akauliza Vanna, anasoma fomu.

"Kinanifaa sana," akasema Sareth.

Vanna akanitazama mimi. Kalamu ninayo. Nikiandika hapana, watauliza kwa nini, na nikiwaambia kwa nini, kiti kinaondoka, wale wanne wananyang'anywa vyao, na wilayani wanafungua kile kitabu cha posho ambacho ndicho kinachomlisha Hoy sasa hivi akiwa kifudifudi. Niliwaza huku na huku kama kuku aliyefungiwa. Nikaandika: Mwenye kiti, Kong Sareth. Kinamfaa, ndiyo. Kinatumika kila siku, ndiyo. Nikatia sahihi. Vanna akanishukuru, akasema anapenda kufanya kazi na watu wa kijiji hiki kwa sababu hakuna longolongo.

Gari lao lilipopotea Sareth akasimama, akakung'uta miguu iliyokufa ganzi. "Haya, mpelekee," akasema. "Mimi ahadi yangu nimetimiza."

"Umekifanya nini?"

"Kile? Nimekipanua. Kilikuwa kinabana sana, dada, sijui mlipimaje. Ningekwama tena mbele ya wageni. Na yeye naye atapumua, atakaa kwa nafasi." Alikuwa na furaha. Naapa alikuwa na furaha ya kweli, kama mtu aliyeongeza chumba kwenye nyumba ya ndugu yake. Nilitafuta tusi la kumtosha nikalikosa. Nikakichukua kiti nikaondoka.

Hoy alikuwa ameshaoga. Amevaa shati la mikono mirefu na amechana nywele kwa maji. Nimol akatandika gunia, na Hoy akajiinua mwenyewe kwa mikono kutoka kwenye ubao, hakutaka kushikwa. Akaingia kwenye kiti, akazama, akaegemea kushoto. Amekonda tangu mvua zianze, sasa hata thelathini na nne zile hazijazi. Nikamwekea magunia yaliyokunjwa kila upande. Akanyoosha mikono kuyafuata magurudumu. La kulia akalifikia kwa ncha za vidole, la kushoto hakulifikia. Akasukuma. Kiti kikajizungusha pale pale. Akasukuma tena, kikajizungusha tena. Nimol akaingia jikoni.

"Huwezi kukirudisha kilivyokuwa?" akaniuliza.

"Bomba lile likishakatwa likaungwa na chuma halirudi. Nikilikata tena linavunjika chini yako."

"Na kingine?"

Nikamjibu lile analolijua. "Sareth ameshapewa. Hoy hayumo kwenye orodha."

Akapapasa lile kovu la kuchomelea kwa kidole gumba. Halafu akasema, "Basi nisukume twende sokoni."

"Jiwe lako la kunolea liko wapi, nikuchukulie?"

"Liache. Nataka tu nikawaambie wale akina mama wasiniwekee tena visu. Wampe mtu mwingine."

Nikamsukuma. Barabara ilikuwa imeanza kukauka, na kiti kilienda vizuri tu mtu akiwa nyuma. Tulipopita kwa Sareth alikuwa kwenye ngazi, akatuona, akasimama kabisa, akapunga mkono, meno yote nje. Hoy akampungia.